Lushoto: Mji Mchanga Katika Milima Mikongwe

Lushoto ni mji wa milimani katika Mkoa wa Tanga, kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Umekaa ndani ya bonde la Usambara Magharibi, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na unafikiwa kwa barabara ya kilomita 33 hivi inayopanda kutoka Mombo, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha. Mji wenyewe umezaliwa mwishoni mwa karne ya 19. Milima iliyouzunguka imekaliwa na kutawaliwa kwa muda mrefu zaidi ya hapo, na kila utawala uliopita juu yake umepimwa na wenyeji kwa namna ulivyoyatendea mambo matatu: mvua, mteremko na msitu.

Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mnyororo unaoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa. Si milima ya volkano kama Kilimanjaro na Meru. Ni mawe ya kale sana yaliyoinuliwa juu baada ya ardhi kupasuka, na ndiyo maana milima hii haianzi kwa vilima vya kupanda taratibu. Husimama ghafla kutoka kwenye tambarare, miamba yake ikiwa wazi, na msafiri wa barabara kuu huiona kwa saa nzima ikiwa upande mmoja wa dirisha. Bonde la Mto Lwengera limeikata vipande viwili, Usambara Mashariki iliyo fupi na yenye joto na unyevu, na Usambara Magharibi ambayo vilele vyake hupita mita 2,200.

Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi hufika hapa zikiwa zimebeba unyevu, hupanda milima, hupoa na kuumwaga. Upande unaotazama bahari hupata mvua nyingi, huku upande wa pili, ambako bonde la Mkomazi linakutana na nyika ya Wamasai, ukibaki mkavu hata mibuyu na miiba ndiyo inayostawi. Kwa sababu hali hiyo imedumu kwa mamilioni ya miaka, misitu ya Usambara imekuwa kisiwa cha viumbe visivyopatikana mahali pengine. Kuna vinyonga wenye pembe mbili puani, kuna ndege wa jamii ya kwera anayeitwa kwa jina la Usambara, na kuna ua dogo la zambarau lililoipatia milima hii sifa duniani pasipo wengi kujua. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alituma ua hilo kwao. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliliandika kwa jina la Saintpaulia. Leo linapandwa katika vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani, ilhali kwao asili linaota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, na baadhi ya aina zake zimo hatarini kwa sababu vivuli hivyo vinafyekwa.

Kati ya alama za asili zilizo karibu na mji, Irente ndiyo inayofundisha mengi kwa mtazamo mmoja. Njia ya kilomita chache inatoka Lushoto, inapita mashamba na nyumba, kisha ardhi inakoma. Mbele ya ukingo wa mwamba hakuna tena mteremko, kuna hewa, na tambarare iko takriban mita 1,000 chini. Kutoka hapo huonekana paa za Mazinde, mistari iliyonyooka ya mashamba ya mkonge, barabara kuu, na baada yake nyika isiyo na mwisho inayokwenda magharibi. Juu kuna ukungu na sweta; chini kuna joto la mchana wa nyika. Wasambaa, wenyeji wa milima hii, wametenganisha sehemu hizo mbili tangu zamani. Shambaai ni nchi ya juu, yenye mvua na migomba, mahali pa kuishi mtu. Nyika ni nchi ya chini, ya kuwinda, ya kulima msimu wa mvua na kurudi, nchi ya homa na ya wageni wenye silaha. Sehemu kubwa ya historia ya hapa ni historia ya watu waliopanda na walioshuka ukingo huo.

Upande wa kusini, njiani kwenda Mombo, maji huporomoka kwenye miamba ya Soni kando kabisa ya barabara. Juu ya mji, kaskazini, umesimama msitu wa Magamba ambao sasa ni hifadhi ya mazingira asilia. Ndani yake mbega na kima huruka juu ya miti mirefu ya mkulo, na humo bado lipo handaki la wakati wa Wajerumani. Mbali zaidi kaskazini ni Mlalo, mji ulio katika bakuli la milima, na mwisho kabisa ni Mtae, kijiji kilichojengwa juu ya mgongo mwembamba wa mlima. Anga likiwa safi, mtu aliye Mtae huona Mkomazi na vilima vya Kenya, na kuna asubuhi ambazo Kilimanjaro hujitokeza.

Kabla ya kuwapo ufalme, Wasambaa waliishi kwa koo katika vijiji vilivyokaa kwenye migongo ya vilima. Nyumba zilikuwa katikati ya migomba. Mgomba ulikuwa zaidi ya chakula: ulifunika ardhi mwaka mzima, ulizuia mvua isiipige moja kwa moja, na majani na mashina yake yaliyooza yaliirudishia rutuba. Mazao mengine yalilimwa nje ya migomba, na familia nyingi zilikuwa na vishamba katika miinuko tofauti ili ukame wa mahali pamoja usiwe njaa ya nyumba nzima. Huo ulikuwa utaalamu mkubwa, na inafaa ukumbukwe kila ikisemwa kwamba mkulima wa Usambara alifundishwa na wageni kuitunza ardhi yake. Katika sehemu za juu zaidi, kwenye nyasi zilizo kati ya misitu, waliishi Wambugu na ng'ombe wao. Lugha yao ya Kima'a imewashughulisha wataalamu kwa vizazi, kwa sababu maneno yake mengi yana asili ya Kikushi na sarufi yake ni ya Kibantu.

Ufalme uliletwa na mwindaji. Simulizi za Wasambaa zinamtaja Mbegha, mtu wa Nguu, kusini, ambaye aliota meno ya juu kwanza alipokuwa mtoto. Hiyo ilikuwa dalili ya mkosi, na ndugu zake walimlaumu kwa vifo na magonjwa ya ukoo, wakamtenga na urithi. Akaondoka na mbwa wake na mikuki, akapanda Usambara akiua nguruwe pori waliokuwa wakiharibu mashamba. Nyama aliigawa kwa wenyeji, nao wakamlipa kwa chakula cha shambani. Alitatua magomvi, akamuua simba, na watu wa Vuga wakamwomba awatawale. Wanahistoria huuweka mwanzo huo katika nusu ya kwanza ya karne ya 18. Kizazi chake kiliitwa Wakilindi, mfalme akaitwa Simba Mwene, na Vuga, karibu na Soni ya leo, ukawa mji wa kifalme. Simulizi hii imedumu kwa sababu inaeleza mkataba. Mfalme analeta ulinzi, hukumu na nyama. Wananchi wanaleta mazao na kodi. Juu ya hayo yote, mfalme ndiye mwenye dawa za mvua. Mvua ikija, nchi imepona chini ya mtawala mmoja mwenye nguvu. Wafalme wakigombana, nchi inaharibika na njaa inaingia.

Ufalme ulifika upeo wake chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala kwa miaka mingi hadi kufa kwake mwaka 1862. Wanawe waliwekwa kuwa machifu katika sehemu mbalimbali za milima, na neno lake lilifika Bonde na hata pwani, ambako majumbe wa miji ya pande za Tanga na Pangani walitambuliwa naye na vilevile na Sultani wa Zanzibar. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alimtembelea mwaka 1848 na tena mwaka 1852 akitafuta mahali pa misheni. Mwaka 1857 Richard Burton na John Hanning Speke walifika Vuga kabla ya safari yao kubwa ya kwenda maziwa makuu, wakamkuta mfalme mzee na mgonjwa, akiwa na haja ya dawa kuliko ya mazungumzo.

Kilichofuata kilitoka nyikani. Biashara ya misafara ilikuwa ikipita chini ya milima, kando ya Mto Pangani, ikipeleka pwani pembe za ndovu na watumwa na kuleta bunduki na nguo. Mwana mmoja wa Kimweri, Semboja, alikuwa chifu wa Mazinde, mguuni pa mlima, palepale panapotazamwa kutoka Irente. Baba yake alitawala kwa kodi na mvua kutoka juu. Semboja alipata nguvu kwa kukaa chini, njiani mwa bunduki. Kimweri alipokufa, kiti cha Vuga kilikwenda kwa mjukuu wake Shekulwavu, na vita vikaanza. Semboja aliushinda na kuuchoma mji wa Vuga akisaidiwa na wapiganaji wa nyikani, kisha akamweka mwanawe Kimweri Maguvu juu ya kiti huku yeye akibaki Mazinde na biashara yake. Wabondei, watu wa nchi ya Bonde, waliasi na kuwafukuza Wakilindi. Milimani, watu walikamata wenzao na kuwauza, na vijiji vilihamia mahali pagumu kufikika. Utawala uliojengwa kwa ahadi ya kuiponya nchi uliishia kuwauza wananchi wake, na hakuna sifa ya wafalme wa kale inayoweza kulifuta jambo hilo.

Habari nyingi za enzi hiyo zimehifadhiwa kwa Kiswahili. Abdallah bin Hemedi, mtu wa pwani aliyewahi kuishi katika baraza la Semboja na baadaye akashika wadhifa mjini Tanga chini ya Wajerumani, aliandika Habari za Wakilindi, kitabu kilichoanza kuchapwa kwa sehemu katika miaka ya 1890. Ni miongoni mwa vitabu vya awali kabisa vya historia vilivyotungwa kwa nathari ya Kiswahili. Kina hadithi, kina upendeleo wa mtu aliyewajua wakubwa, na bado hakuna anayeweza kuandika juu ya Usambara bila kukipitia. Kinastahili kusomwa shuleni, na hasa shule za Tanga.

Wajerumani walipojiimarisha pwani walimkuta Semboja akiwa mzee. Alikubali bendera yao bila vita. Mwaka 1895 ndio uliouvunja ufalme: Semboja alikufa, na mwanawe Mputa, aliyekuwa Vuga, alinyongwa na Wajerumani. Kinyashi, wa mlango mwingine wa ukoo, akawekwa badala yake akiwa na mamlaka madogo. Kisha serikali ya kikoloni ikajenga boma lake ndani ya bonde la baridi upande wa kaskazini, ikaliita Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari Wilhelm wa Pili. Hapo ndipo mji wa Lushoto ulipoanzia. Uchaguzi wa mahali haukuwa wa bahati nasibu. Vuga ulisimama juu kuona nyika. Mazinde ulikaa chini kushika njia ya misafara. Wilhelmstal ulifichwa katikati kwa sababu wajenzi wake walitaka mahali pasipo na malaria, penye hewa inayofanana na ya kwao, na palipo mbali na jua la pwani. Magavana walipanda huko kupumzika wakati wa joto la Dar es Salaam.

Reli ilikuwa imeanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ya kwanza katika Tanzania Bara. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Iliporefushwa, milima ikawa karibu na bandari. Walowezi walipewa ardhi, wakajaribu kahawa, na katika sehemu nyingi za Usambara wakashindwa, maana udongo wa msituni unaoonekana mnono hupoteza nguvu upesi ukishavuliwa miti. Faida ilipatikana chini, kwenye mkonge. Huko Kwai, karibu na mji, lilianzishwa shamba la majaribio la mifugo na mazao ya Ulaya, na Amani, Usambara Mashariki, ilianzishwa taasisi ya utafiti wa kilimo mwaka 1902 iliyojulikana duniani. Matunda ya pea, plamu na pichi yaliyoletwa enzi hizo yamebaki, na leo yanauzwa kando ya barabara kwenye ndoo na vikapu kama mazao ya wenyeji.

Mashamba yalihitaji mikono, na Wasambaa waliokuwa na migomba yao hawakuwa na sababu ya kuyaendea. Wilaya ya Wilhelmstal ikabuni kadi. Kila mwanamume mzima alipewa kadi iliyomtaka amfanyie kazi mlowezi siku 30 ndani ya miezi minne kwa ujira uliopangwa, na asiyeijaza alipelekwa kazi za serikali. Mfumo huo ulianza karibu mwaka 1907 na ulimfunga mtu bila mnyororo. Msitu nao ulipata bei. Huko Shume kampuni ya Wilkins & Wiese ilikata miti ya mwangati na mingine ya mbao, ikajenga njia ya waya iliyoning'inia juu ya magenge na kuteremsha mbao hadi kituo cha reli cha Mkumbara. Kama kazi ya uhandisi, ilikuwa ya ajabu kwa wakati wake. Kwa msitu wa Shume, ilikuwa mwanzo wa kupungua.

Wamisionari walishapanda kabla ya boma. Walutheri wa Bethel walifungua kituo Mlalo mwaka 1891, wakaenea hadi Vuga, ambako baadaye kiwanda chao cha uchapaji kilitoa vitabu vingi vya Kiswahili vilivyotumika makanisani na shuleni nchini. Wakatoliki walijenga Gare. Uislamu ulikuwa umetangulia kufika kupitia Mazinde na njia za misafara, na hata leo misikiti na makanisa ya Lushoto yanasikika kutoka bonde moja.

Majeshi ya Uingereza yaliingia Wilhelmstal Juni 1916, na mji ukachukua jina la kienyeji, Lushoto. Waingereza waliurudisha utawala wa machifu, Kinyashi akarejeshwa kwenye kiti mwaka 1926, na misitu mikubwa ikaendelea kufungwa kama hifadhi za serikali. Watu walikuwa wakiongezeka, ardhi iliyobaki nje ya hifadhi na mashamba makubwa ikawa haitoshi, na miteremko mikali ikaanza kulimwa mahindi mwaka hadi mwaka. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Dawa yake ndiyo iliyozua balaa.

Mwaka 1946 serikali ilianza mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, na kuanzia 1950 ukaenezwa sehemu nyingine za Usambara. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta kukata mteremko, na mengine ya kuyaunganisha, hivi kwamba shamba lilionekana limegawanywa visanduku vya kushika maji. Kazi ilikuwa ya jembe la mkono, na wengi waliolishika jembe hilo walikuwa wanawake, wakichimba matuta juu ya kazi zao za palizi, maji na kuni. Asiyechimba alitozwa faini na chifu. Mazao hayakuongezeka kiasi cha kulipa jasho hilo, na wengi waliamini kwamba shamba likishapangwa na serikali litachukuliwa na serikali. Upinzani ulianzia vijijini, ukawageuza wananchi dhidi ya machifu, ukajiunga na wimbi la TANU, chama kilichodai uhuru, na mwaka 1957 mpango ukaachwa. Machifu waliotumika kuusimamia hawakupata tena heshima waliyoipoteza, na baada ya Uhuru vyeo vyao vilifutwa nchini kote. Kosa la mpango ule halikuwa kujali udongo. Lilikuwa kuwapita watu ambao babu zao waliufunika udongo huo kwa migomba bila kuamriwa.

Somo hilo lilizingatiwa kwa kiasi mwaka 1981, ulipoanza mradi wa kuzuia mmomonyoko na kuchanganya miti na mazao, uliofadhiliwa na Ujerumani Magharibi ya wakati huo. Badala ya amri ya matuta, wakulima walihimizwa kupanda mistari ya majani ya malisho kufuata kontua, kufuga ng'ombe zizini na kupanda migrivilea mipakani. Vijiji vingi vimeishika mistari hiyo hadi sasa, kwa sababu majani yanalisha ng'ombe na mti unatoa mbao.

Lushoto ya leo ni makao ya wilaya ambayo sensa ya mwaka 2012 iliihesabia watu 492,441, idadi kubwa kwa nchi ya miteremko. Mji una soko, hospitali, makao ya Dayosisi ya Kilutheri ya Kaskazini Mashariki na Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kinachowafundisha makarani na mahakimu wa nchi nzima. Majengo ya enzi za Wajerumani bado yanatumika, na mengine yanaanguka kwa kukosa matengenezo. Uchumi umehamia kwenye mboga. Kabichi, karoti, nyanya na hoho hulimwa mabondeni kwa maji ya mifereji, hushushwa Mombo kwa malori yanayopishana kwa shida kwenye kona za Soni, na hufika Dar es Salaam zikiwa bado mbichi. Migomba imepungua karibu na mji. Mboga huleta fedha upesi, lakini zinaiacha ardhi wazi na zinataka maji kila wiki.

Maji hayo yanatoka Magamba na misitu mingine ya juu. Vijito vyake vinanywesha mji, vinamwagilia mabonde ya mboga, vinashuka Soni na kufika kwenye mashamba ya mpunga ya Mombo, nje kabisa ya milima. Kwa hiyo ulinzi wa misitu hiyo usiachiwe walinzi wa hifadhi na wanavijiji wa Magamba peke yao. Halmashauri, wafanyabiashara wa mboga na wakulima wa mpunga wa chini wanakula kutokana nayo, na wanapaswa kuchangia gharama ya kuitunza.